Mke Mwenza Majabalini

Lifti ya jengo la maduka ya vitambaa ilikwama saa za pilikapilika, imeshiba watu na marobota. Milango ilipofunguliwa kwa nguvu, mshona magauni ya harusi alichomoka mbiombio, akamvaa fundi lifti kifuani.

"Pole, dada. Umeumia?"

"Naumia sasa. Umenikanyaga."

Fundi akatazama chini, akaondoa buti lake haraka. Wakacheka, wakapeana namba. Toka hapo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, lakini njaa yako haijaisha."

Jumapili moja wakaenda kwenye hifadhi ya msitu, nje kidogo ya mji, kutazama majabali ya kale ya mawe ya mchanga. Mshonaji alivaa gauni la manjano lililomkaa sawasawa. Fundi, shati jeupe lenye pasi ya kukata nyanya. Majabali yalichomoza kati ya miti, mekundu, tabaka juu ya tabaka, yamechongwa na mvua na upepo tangu enzi na enzi. Ukiyagusa, punje za mchanga zinabaki vidoleni.

Simu ya fundi ikalia. Akasogea pembeni.

"Haloo, mke wangu! Usininunie, kesho nakuja. Wewe ndiye wa kwanza, nani akupiku?"

Mshonaji aliyasikia yote. Akageuka, akajipenyeza kwenye upenyo kati ya majabali mawili, machozi yanamlengalenga.

"Mpenzi, subiri!" Fundi alimkimbilia.

"Rudi kwa mke wako!"

"Mke gani?"

"Huyo wa kwanza!"

Fundi akaduwaa, kisha akaangua kicheko hadi akashika mbavu. Akapiga simu, akafungua spika.

"Bibi, mwambie huyu wewe ni nani."

"Mimi ndiye niliyemzaa mama yake," sauti ya kikongwe ikajibu. "Na wewe ndiye fundi cherehani unayenivunjia ndoa? Mchukue, mjukuu wangu, nimechoka kumfulia. Ameshakuvisha pete, au bado anatetemeka nayo mfukoni?"

"Bibi!"

Simu ikakatwa. Ndege mmoja akalia juu ya mwamba.

Fundi akatoa pete, mikono imejaa mchanga. "Nilipanga maneno matamu. Yote yameyeyuka."

"Basi sema yaliyobaki."

"Nikuoe?"

Mshonaji akafuta machozi, akacheka, akanyoosha kidole.

"Miaka yote nawashonea wenzangu," akasema. "Safari hii gauni la harusi najishonea mwenyewe."