Karanga Zisizochambuliwa

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akaketi kwenye kizingiti karibu na cherehani ya shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na mama yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini tangu mama aende kusomea ukunga mji wa mbali, miezi minne iliyopita, maneno yalikuwa yamempungua. Sweta ya mama bado ilining'inia nyuma ya mlango. Kila alipopita aliinusa. Harufu ilikuwa inaisha.

Juzi mama alipiga simu. Alisema mchana hapati nafasi ya kula. Anatafuna biskuti na kunywa soda huku akikimbia kutoka wodi moja hadi nyingine.

"Natamani vile vipande vyetu vya tende, mwanangu," alisema. "Kimoja tu kilikuwa kinanishikilia mpaka jioni."

Vipande hivyo havikuhitaji oveni wala sukari. Mama alitwanga tende, karanga, shayiri na ufuta, akavishindilia kwenye sinia, akaviacha vigande na kuvikata. Chiriku alikuwa fundi wa kutoa kokwa za tende, ingawa tende nyingi zilipotelea njiani kuelekea kwenye kinu.

"Shangazi, tumtengenezee mama!" alisema ghafla Jumamosi hiyo. "Jirani yetu mwuguzi si anarudi kulekule kesho asubuhi? Atavibeba."

Shangazi alisimamisha cherehani. "Haya. Lakini kazi ni yako. Mimi nitakaanga karanga tu, maana wewe na moto hampatani. Kwanza zichambue. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Karanga yenye ukungu ina sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa."

Chiriku alimwaga karanga kwenye ungo. Alichambua konzi mbili, tatu. Huko nje wenzake walikuwa wanaruka kamba.

"Chiriku! Zamu yako!"

Akatazama lundo lililobaki. Akalimimina lote kwenye sufuria.

"Umemaliza mara hii?" shangazi aliuliza.

"Nimemaliza, shangazi."

"Zote?"

"Zote."

Alasiri alitwanga mpaka mikono ikamuuma. Alishindilia mchanganyiko kwa kitako cha kikombe, akauweka kwenye friji, akaukata vipande ishirini na vinne. Alivifunga kwa karatasi safi na kuandika juu yake: Kwa mama, kutoka kwa mikono yangu. Aliyaona kabisa macho ya mama akifungua.

Kisha akaonja makombo yaliyobaki kwenye sinia. Utamu ulikuja kwanza. Nyuma yake ukafuata uchungu uliokwama kooni. Akatema. Kati ya makombo palikuwa na nusu ya karanga, ndani ina rangi ya kijani.

"Labda ni hiyo moja tu," alijiambia. Akavunja kipande, akakuta nyingine.

Mwuguzi hangesafiri tena mpaka mwezi ujao. Akinyamaza, nani atajua? Lakini akamwona mama amesimama wodini, njaa imemshika, anauma kipande kwa furaha bila hata kukitazama. Machozi yakamlengalenga. Akapiga moyo konde.

"Shangazi, nilikudanganya. Sikuzichambua zote."

Shangazi aliuweka uzi chini. "Mimi nilikuuliza mara mbili," alisema. "Basi, vyote jalalani. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na karanga ni hivyo hivyo."

Chiriku alivitupa mwenyewe, kimoja kimoja, huku analia.

Alfajiri aliamka kabla ya kuamshwa. Zilibaki tende kidogo na karanga konzi chache. Aliketi chini ya taa ya jikoni, akaigeuza kila karanga kwa vidole, mbele na nyuma. Shangazi alizikaanga, kisha akashika mchi kumsaidia. Vilipatikana vipande tisa tu. Bado vilikuwa laini mlango ulipogongwa.

"Mzigo uko wapi?" mwuguzi aliuliza. "Basi halinisubiri mimi!"

Chiriku alivipanga haraka kwenye kopo. Juu yake akaweka barua fupi iliyoeleza yote, bila kujitetea.

Jioni simu ya shangazi ililia.

"Mwanangu, vipande vyako vimefika vimekuwa uji!" Mama alikuwa anacheka. "Nimechukua kijiko."

"Barua umeisoma?"

"Nimeisoma mara mbili." Kicheko kikaisha. "Sikiliza, Chiriku. Hapa wodini mtu akisema 'nimepima' na hakupima, anayeumia ni mgonjwa. Anayekupenda hula ulichompa bila kukichunguza, kwa sababu anakuamini. Kwa hiyo fanya kazi yako kwa ukweli hata pale ambapo hakuna anayekutazama. Na ukikosea, sema mapema kabla mtu hajadhurika. Kusema kulikuwa kugumu, najua. Hilo ndilo limenifurahisha kuliko tende."

Chiriku alifuta pua kwa kiganja. "Utarudi lini?"

"Chuo kikifunga. Wiki tisa."

Wiki tisa! Akazihesabu kwa vidole, vidole karibu vyote vikaisha. Akajikaza kisabuni.

"Basi kula, mama. Kula nisikie."

Kijiko kikagonga kopo. Mama akatafuna taratibu, karibu kabisa na simu. Chiriku akafumba macho, akaibana simu sikioni, akiomba kimoyomoyo mama asimalize upesi.