Mlolongo wa Mheshimiwa Wabwile Ngomeni

Mpumbavu mpe kipaza sauti, utamjua. Mwaka ule wa themanini na nane, tulipopiga kura kwa kupanga mlolongo, Mheshimiwa Wabwile alikuta mpinzani wake amewahi uwanja wa Kanduyi. Basi akaitaka ngome ya kale kwa mkutano wake. Ngome yenyewe ni tuta la udongo na handaki, na ndani ya handaki wamo watu waliouawa kwa bunduki za wazungu, hawakuzikwa wala kuliliwa. Ndiyo maana kila aingiaye pale huketi chini, kama matangani. Hata wageni wa ng'ambo waliketi.

Asubuhi ya mkutano Hiram, mlinzi wa ngome, alikuta nyasi zimekanyagwa kutoka handakini hadi jukwaani, na lango alikuwa amelifunga mwenyewe. Akamkimbilia mheshimiwa.

"Mzee, tafadhali, watu wakae chini. Anayesimama hapa wanamchukua kuwa wao."

"Wao nani? Hao wa handaki wako na kadi ya chama?" Wabwile akacheka hadi tumbo likatikisika. "Kaa wewe, bana. Mimi nataka kura."

Akapanda jukwaani, akaamuru watu wajipange mbele yake, ati mazoezi ya uchaguzi. Wakajipanga, aibu yao, kwa kilo moja ya sukari! Wa mwisho kabisa, handaki likiwa mgongoni pake, alikuwa Nanyama, mke wa Hiram.

Ikaja harufu ya baruti na nywele zilizoungua, kisha kikohozi kikavu, kisha kingine nyuma yake, na Hiram akaona mlolongo unarefuka nyuma ya mkewe, watu wa rangi ya majivu wakipanda kutoka handakini mmoja mmoja, kimya, na wa kwanza wao akauweka mkono begani mwa Nanyama.

"Naona mnaongezeka huko nyuma!" Wabwile akapaza sauti. "Karibuni!"

"Mama watoto," Hiram akanong'ona, "keti chini."

"Siwezi. Magoti yamekataa. Nani ananishika?"

Akamburuta hadi nyumbani. Wazee wakamwambia dawa ni moja: aliyewasimamisha watu arudi ngomeni, aketi, awalilie wale wa handakini. Wabwile alikuwa ameshashinda kiti. Mara tatu Hiram alibisha kwake, mara tatu akaambiwa mheshimiwa yuko Nairobi, na kicheko chake kikisikika dirishani. Kiongozi gani huyo, jamani!

Nanyama hakuketi tena. Alipika wima, akasinzia wima. Jumapili moja, wakati wa chakula, binti yao Nasimiyu akainuka akasimama nyuma ya mamake.

"Keti ule," Hiram akamwambia.

"Baba, sogea mbele," mtoto akasema. "Wengine bado wako nje."