Mekapal: Kamba na Ubapa Wake

Kwetu milimani mzigo hubebwa kwa paji la uso. Kuni, mahindi, mitungi ya maji, hata mgonjwa akishafungwa kwenye kiti. Mkanda wa ngozi hukaa juu ya nyusi, kamba zikashuka mgongoni kushika mzigo. Tunauita mekapal.

Mwaka juzi, katikati ya mavuno, mkanda wa mume wangu Kolash ulikatika. Mahindi yalikuwa shambani na mvua inakuja. Akakunja kamba ya nailoni, akaivaa kichwani. Nilimsihi angoje nikaazime mkanda kwa shangazi yake. Akanicheka.

"Talin, kamba ni kamba. Mahindi hayajui tofauti."

Alibeba hivyo wiki tatu. Paji la uso likafanya mfereji mwekundu. Kisha shingo ikakataa kugeuka. Kisha vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi. Siku moja alimnyanyua binti yetu Petrona, akamponyoka. Mtoto hakuumia sana. Lakini tangu siku hiyo Kolash akaogopa kumgusa. Alikaa mlangoni, akiukunja na kuukunjua mkono ule.

Jioni nilikwenda kwenye darasa letu la watu wazima, macho yamevimba. Mwalimu wetu Ulalia, ambaye ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, akanivuta kando. Nilimweleza yote. Akaandika ubaoni: mekapal. Alisema ni neno la watu wa kale wa Meksiko. Mwanzo wake ni kamba. Mwisho wake, kwa alivyosoma yeye, ni kitu bapa.

"Waliolitunga walijua kubeba, mwanangu. Kamba inashika, ubapa unapokea uzito. Mumeo amebaki na kamba tupu. Gunia zima limekaa kwenye mstari mwembamba, na shingo ndiyo inayolipa. Kesho mpeleke zahanati. Ganzi haingojwi."

Daktari alikuta mishipa ya fahamu imebanwa. Akampa miezi minne bila mzigo wowote. Mahindi niliyabeba mimi, kwa ngozi pana kama kiganja, nusu gunia kila safari.

Vidole viwili bado vina ganzi mpaka leo.

Kolash anabeba tena, kwa ngozi pana na nusu mzigo. Wenzake humtania njiani, "Shemeji, hicho kimzigo umeazima kwa mkeo?" Hujibu kwamba ndiyo, na mkewe anataka akirudishe. Wao hutangulia kufika. Yeye hufika baadaye, shingo imenyooka, akautua mzigo taratibu. Petrona akinyoosha mikono, baba yake humwinua kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto huuweka chini ya mtoto kupokea uzito.