Ngazi ya Nyumba ya Njiwa

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua pale Combe Athel, jumba kubwa la mashambani huko Uingereza, na ua wa nyuma ulikuwa umejaa mashuka tangu asubuhi. Tamsin alikuwa akiyakamua, mikono imeiva kwa maji ya moto, shangazi yake Keziah, mpishi wa jumba, alipomwita.

"Tamsin, mwanangu, hebu acha hayo. Kanizolee mbolea nyumba ya njiwa. Mtunza bustani hanipi pumzi."

"Shangazi, si njiwa wenyewe walishahama?"

"Walihama, mavi hawakuhama nayo. Nenda, bwana!"

Tamsin akaondoka anacheka. Keziah ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufa, akamlaza kitanda kimoja na Loveday, bintiye wa kumzaa. Wiki hizo Loveday alikuwa hajiwezi, anakonda huku daktari haoni kitu, na Tamsin alifanya kazi za wote wawili bila kununa.

Nyumba ya njiwa ilisimama peke yake nyuma ya mabanda ya farasi: mnara mfupi wa mawe, wa duara, wenye mlango mdogo wa kumwinamisha mtu. Ndani, toka sakafuni hadi chini ya paa, ukuta wote ulikuwa vishimo vya viota, mamia kwa mamia. Katikati palikuwa na mlingoti wa mwaloni uliozunguka juu ya kigingi cha chuma, na mikono yake ya mbao ilishikilia ngazi karibu na ukuta. Aliyetaka makinda alipanda, akajisukuma, akavizunguka viota vyote bila kushuka. Mwanga uliingilia tundu la juu, walikopita njiwa.

Tamsin akaingia, akapiga koleo mara mbili tatu. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Akadhani ni upepo. Kisha akasikia ufunguo.

"Shangazi? Nimo humu!"

Halafu, nje ya mlango ule ule, Keziah akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, kama mtu anayetaka kujiziba masikio.

Mlingoti ukalia.

Ngazi ilikuwa inazunguka. Taratibu. Mle hamkuwa na upepo. Vidato vyake vilipinda kimoja baada ya kingine, kutoka juu kuja chini, kama vinavyopinda chini ya mguu mzito.

"Shangazi, fungua! Kuna mtu!"

Wimbo ukapanda.

Ngazi ikasimama mbele yake. Kitu kikamnusa shingoni. Pumzi yake baridi. Mnong'ono ukatoka katika vishimo vyote kwa pamoja:

"Ndiye huyu tuliyepewa?"

Tuliyepewa. Neno hilo lilimchoma kuliko ile pumzi. Kisha hasira ikamwinua. Akatia vidole kwenye vishimo, akapanda ukuta kama paka. Kishimo, kishimo tena. Katika kimoja, vidole vingine vilikuwa vinamngoja. Vikamshika. Akajichomoa, ngozi ya vidole ikabaki mle.

Akapenya tundu la juu, akateleza juu ya vigae, akaangukia kwenye majani yawashayo.

Keziah alikuwa bado anaimba, aproni usoni.

"Umenitoa kafara, shangazi?"

Wimbo ukakatika. "Kilichomo humo kilitaka msichana wa nyumba yangu, ndipo kimwachie Loveday apone. Ningemtoa nani, Tamsin? Loveday nimemzaa."

"Na mimi je?"

Keziah akautia ufunguo mfukoni, akatazama chini.

Tamsin aliondoka mchana ule ule kwa miguu, nguo zimemlowa, wala hakugeuka. Alifika Bristol, akaolewa na fundi viatu, akapata watoto na wajukuu. Jina la Keziah halikutoka tena kinywani mwake.

Lakini jioni ile Loveday aliketi kitandani, akaomba supu. Akapona kabisa. Keziah hakufurahi. Alijua Tamsin ametoka; basi kule ndani walikuwa wamepokea nini?

Miaka mingi baadaye, Keziah keshazikwa na Tamsin angali hai Bristol, vigae vya nyumba ya njiwa viliporomoka. Jory, fundi mwashi, akavunja mlango ule ambao haukuwa umefunguliwa tangu siku ile. Sakafuni, juu ya vumbi zito, palikuwa na nyayo za msichana, miguu mitupu. Zilizunguka mlingoti, zikikanyagana, hata zikachimba mfereji. Hapakuwa na hata unyayo mmoja ulioelekea mlangoni.

Jory akaishika ngazi aiegemee. Akaiachia upesi.

Kidato kilikuwa na joto, kana kwamba kiganja kimekiachia sasa hivi.