Nanyama Asomea Ufundi wa Friji

Wabwile na mkewe Edinah wana hoteli ndogo mjini Bungoma. Asubuhi wanauza chai na mandazi. Mchana wanauza ugali na mboga. Soda baridi na maziwa lala huuzwa siku nzima. Binti yao Nanyama alipomaliza shule ya upili, alibaki hapo kuhudumia wateja. Baba alitaka asomee ualimu. Mama alitaka asomee uuguzi. Nanyama mwenyewe hakujua anataka nini.

Jumatatu moja, barafu ilijaa kwenye friji mpaka mlango ukakataa kufungika.

"Leta kisu," Wabwile alisema.

"Baba, si tuizime kwanza, barafu iyeyuke yenyewe?"

"Na wateja wanywe soda moto? Leta kisu, bana!"

Wabwile akagonga barafu kwa kisu. Akagonga tena. Mara friji ikalia: Ssssss!

"Nyoka!" Wabwile alipiga kelele, akaruka juu ya meza.

Wateja walitoka mbio. Mmoja alikimbia na sahani yake. Mwingine alikimbia na sahani ya mwenzake. Edinah akatoka jikoni na mwiko mkubwa wa ugali, akaipiga friji kwa nguvu zote mpaka ile sauti ikaisha.

"Nimemuua," alisema, huku akihema.

Nyoka hakuonekana. Lakini friji ilikuwa imekufa kabisa.

Jirani aliwapa nambari ya fundi wa Kitale anayeitwa Mwihaki. Kwa bahati nzuri, fundi huyo alikuwa Bungoma siku hiyo, akitengeneza mashine za kupoza hewa katika ofisi moja. Baadaye alifika mama mmoja aliyevaa ovaroli, na sanduku la vifaa mkononi.

"Karibu, mama," Wabwile alisema. "Bwana yako anakuja saa ngapi?"

"Bwana yangu ni mwalimu, mzee. Ukitaka kufundishwa hesabu nitamwita. Friji iko wapi?"

Kwanza Mwihaki aliomba jiko lizimwe. Akafungua milango na madirisha. "Gesi ya friji zingine hushika moto," alisema. Kisha akachomoa waya wa umeme. Alipoangalia ndani, alionyesha tundu dogo.

"Nyoka wenu ndiye huyu. Kisu kimetoboa paipu, gesi ikatoka. Barafu haigongwi. Zima friji, acha mlango wazi, ingoje iyeyuke."

Wabwile alitazama dari. Nanyama alikuwa amechuchumaa karibu na fundi.

"Ni hiyo gesi inatengeneza baridi?" aliuliza.

"Friji haitengenezi baridi. Inabeba joto lililo ndani, inalitupa nje. Gesi ndiyo inabeba hilo joto. Inazunguka tu kwenye paipu. Haiishi kama gesi ya kupikia. Ikipungua, jua kuna mahali inavuja."

"Kumbe! Ndiyo maana huku nyuma huwa moto! Mama hukausha vitambaa hapa."

"Aache. Joto likikosa njia ya kutoka, mashine inachoka bure."

Mwihaki alichomelea tundu, akavuta hewa yote kwenye paipu kwa pampu, kisha akaweka gesi mpya. Friji ikaanza kunguruma. Nanyama naye akasimama.

"Baba, mama, mimi nataka kazi hii."

"Hapa kwetu na mvua yote hii?" Wabwile alishangaa. "Nani atanunua baridi?"

"Mzee, chanjo za watoto hukaa wapi?" Mwihaki aliuliza. "Na nyama ya bucha? Na maziwa ya wakulima? Hata mochari wananiita."

"Mochari hapana!" Edinah alisema.

"Mama, huko hakuna mteja analalamika," Mwihaki alisema.

Edinah alicheka bila kupenda.

"Nianzie wapi?" Nanyama aliuliza.

"Usinunue spana ukajiita fundi. Ingia chuo cha ufundi. Usome umeme, maana unaua. Usome mashine za baridi. Kisha ufanye kazi chini ya fundi mwenye ujuzi, ndipo ufanye mtihani wa ufundi wa serikali."

"Lakini alama zangu si kubwa."

"Kozi ziko za ngazi nyingi. Nenda uulize ile inayokutosha."

Nanyama alienda kuishi Kitale kwa senge yake, dada ya baba. Akajiunga na chuo. Umeme ulimsumbua. Hesabu zilimsumbua zaidi. Lakini alipotumwa kufanya mazoezi ya kazi, alienda kwa Mwihaki.

Asubuhi moja waliitwa waende Kachibora, kwenye chama cha wakulima wa maziwa. Tangi la kupoza maziwa lilikuwa limeacha kupoza. Wakulima walisimama nje wakinong'ona. Wengine walikuwa wamekama tangu alfajiri.

"Gesi imeisha," mwenyekiti, Mzee Kipruto, alisema. "Ongezeni haraka."

Mwihaki akamgeukia Nanyama. "Fundi, unasemaje?"

Nanyama aliitazama mikebe ya maziwa iliyopangwa nje. Angekosea, maziwa ya watu wote hao yangemwagwa.

"Gesi haiishi yenyewe," alisema polepole. "Kabla ya kuongeza, wacha nione kama joto lina njia ya kutoka."

Alizima umeme. Akaenda nyuma, palipo na feni na paipu za kutoa joto. Akainama.

"Kwoo! Kwoo!"

Kuku alimrukia usoni. Nanyama akaanguka kwa matako. Nyuma ya mashine kulikuwa na kiota, mayai, na manyoya yaliyoziba kila nafasi ya hewa. Kuku alikuwa amejipatia nyumba yenye joto.

"Kuku ya nani hii?" wakulima waliuliza.

Mzee Kipruto alikohoa. "Yangu."

Watu walicheka mpaka mikebe ikatikisika. Nanyama alisafisha manyoya na vumbi kwa brashi laini. Mwihaki alipima gesi: ilikuwa sawa. Wakawasha. Kidogo kidogo, maziwa yakaanza kupoa. Hakuna yaliyomwagwa.

Nanyama alipita mtihani wake. Sasa ameajiriwa Kitale, na kazi haipungui.

Jumapili moja baba yake alimpigia simu.

"Hallo. Naomba kuongea na fundi."

"Baba, si ni mimi?"

"Najua ni wewe. Lakini hoteli imejaa, na nilitaka watu wasikie."