Kibao Kisicho na Mwanya

Jumapili ile baada ya harusi, kituo cha mabasi cha Columbus, Marekani, kilijaa hadi mlangoni. Warundi walikuwa wanarudi makwao, hawa Louisville, wale Buffalo, bado wamevaa nguo za sherehe, watoto wamelala juu ya mabegi. Katikati yao alisimama Generoza, msichana wa Beechmont, Louisville, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, viatu virefu mkono mmoja, ubao mzima wa meza kuukuu mkono wa pili. Dereva alikuwa ameshamwambia kwamba ubao haupandi.

"Dada, unahama na nyumba?"

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu wa suti ya kijivu, tai ameshaitia mfukoni, anacheka kwa macho tu.

"Nimepewa na shangazi yangu," Generoza alisema. "Mbao ngumu namna hii siiachi hapa, hata nikirudi kwa miguu."

Kijana alipitisha kiganja juu ya ubao, akaukagua ukingo, kisha bila aibu akaanza kuvitazama vidole vya Generoza.

"Vyote vipo," alisema. "Una msumeno wa meza nyumbani?"

"Wa baba. Umejuaje?"

"Makovu ya vibanzi. Mikono ya jikoni haiwi hivi."

Wako wanaume wanaosifia macho, wako wanaosifia mwendo. Huyu alisifia makovu, na Generoza, aliyekuwa akiificha mikono hiyo kila Jumapili kanisani, alihisi moyo wake umeruka. Kijana aliitwa Ferdinandi, fundi wa kiwanda cha makabati, mkazi wa Kensington-Bailey kule Buffalo. Alienda kuongea na dereva, akashusha mabegi ya watu, akaulaza ubao chini kabisa, akayapanga mabegi juu yake moja moja. Alipomaliza, basi la Buffalo lilikuwa linakata kona.

"Basi lako lile," Generoza alisema.

"Nimeliona."

Alisimama palepale hadi basi la Louisville lilipoondoka.

Basi simu zikaanza. Generoza alikuwa anafunga mizigo ghalani siku za kazi, na Jumamosi alikuwa gereji na baba yake, mzee Gaudiosi, aliyekuwa seremala tangu kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Walitengeneza vigoda na fremu za picha kwa msumeno walioununua mkuukuu. Msumeno ulikuwa mzuri, ila kile kibao cha chuma cha mezani kinachoizingira bledi, lile duara la meno ya kukatia, kilikuwa na mwanya mpana wa kupitisha kidole. Ubao mwembamba ukikatwa, unadumbukia humo, bledi inaukamata na kuutema. Mmoja ulikuwa umempasua Generoza juu ya nyusi.

"Nitumie hicho kibao," Ferdinandi alisema kwenye simu. "Nitakutengenezea cha mbao, mwanya wake hata ukucha haupiti."

"Na mimi nitafanyaje kazi?"

"Utapumzika. Utaongea na mimi."

"Una maneno, wewe."

"Lakini kwanza natengeneza kalibu."

"Kalibu ya nini tena? Si ukate kibao tu?"

"Nikikata kibao, utapata kibao. Nikitengeneza kalibu, utapata vibao mpaka uzeeke."

"Kwa hiyo umeshapanga mpaka nizeeke."

Generoza alisikia upepo wa Buffalo ukigonga dirisha la mwenzake.

"Ndiyo," Ferdinandi alisema. "Kikifika, ujue nimebisha hodi kwenu."

Generoza akakituma kibao cha chuma Buffalo, naye Ferdinandi akawa anamtumia picha. Kalibu yenyewe ilikuwa plaiwudi mbili zilizogundishwa, ile ya juu imechongwa umbo kamili la kibao cha chuma, na vibana viwili vya kuushikilia ubao mpya chini yake. Mashine ya kuchonga ina beringi ndogo inayotembea kwenye ukingo wa umbo lile, na kisu kinafuata bila kukosea. Generoza alizikuza picha hizo kitandani mpaka akaona alama za penseli. Alishangaa sana. Kuna mtu alikuwa amekaa na baridi yote ile akitengeneza kitu cha kutengenezea kitu, kwa ajili yake.

Kifurushi kikafika. Kibao kilikuwa laini hadi unaogopa kukishika, kona zimeviringwa, nyuma kimechorwa G kwa moto. Alikitumbukiza kwenye meza ya msumeno, kikaingia na kutulia kama kilizaliwa humo. Ila hakikuwa na mwanya. Kilikuwa kizima, kimeziba, na bledi imefungiwa chini yake.

Mzee Gaudiosi alikigeuza huku na huku. "Fundi wako amesahau."

"Nimpigie?"

"Fundi haambiwi amesahau, mwanangu. Unamvunjia heshima. Mrudishie tu, kitu chenyewe kitamwambia."

Akamrudishia, bila neno, akisubiri simu ya kicheko.

Simu haikuja. Kilichokuja ni kifurushi kingine, na ndani yake kibao chake cha chuma kile cha zamani, basi, hata salamu hakuna. Generoza alikishika akaelewa kwamba ameachwa. Alilia kati ya maboksi kule ghalani, akasema ni vumbi. Jumamosi alikata mbao kwa mwanya uleule mpana, na baba yake alipomwambia ayakinge macho, akachukua ubao mwingine.

Shangazi Kostansia ndiye aliyepiga, kutoka Columbus.

"Generoza, Ferdinandi mtoto wa Agata umemkataa hata neno hukuandika? Mama yake kanipigia analia."

"Sijamkataa, shangazi. Yeye ndiye ameniacha. Mimi nilirudisha kibao kwa sababu hakina mwanya."

"Mwanamume amebisha hodi, umemrudishia zawadi yake hadi nyumbani kwao, halafu unanieleza habari za mwanya?"

Generoza alikaa chini, juu ya pumba za mbao, na sketi yake ya kazini. Kwao zawadi ya mchumba ikirudi, posa imekufa, na yeye alilijua hilo tangu utoto. Hakuwa amekiona kibao kile kama zawadi. Alikiona kama kazi ya fundi. Alimpigia Ferdinandi.

"Nilidhani umesahau," alisema.

"Kusahau nini?" Sauti ya Ferdinandi ilikuwa kavu.

"Mwanya."

Kicheko kikaanza chinichini, kikapanda, kikachanganyika na kitu kingine.

"Generoza wangu. Mwanya sikati mimi. Unakatwa na bledi yako, mezani kwako. Ningeukata huku kwa bledi yangu, ungekuwa wa kwangu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Ulishanijibu."

"Sikukujibu. Njoo, nikujibu."

Generoza hakuweza kumsubiri Louisville. Alipanda basi hadi Columbus, kitenge kilekile cha njano, akasimama katika kituo kilekile. Ferdinandi alishuka amekumbatia kalibu iliyofungwa blanketi.

"Kaka, unahama na nyumba?"

"Ndiyo," alisema. "Nahama."

Kule gereji ya Beechmont, mzee Gaudiosi alikaa pembeni amevaa kofia, uso wa kutotaka utani. Ferdinandi alishusha bledi mpaka chini, akakiweka kibao kile cha mbao, akakikandamiza kwa boriti iliyofungwa pande mbili, akauwasha msumeno.

"Zungusha wewe," alimwambia Generoza. "Polepole. Simama pembeni."

Alizungusha mpini wa kupandishia bledi. Mwanzo mbao ilinguruma tu. Kisha mstari mweupe ukajiandika katikati, na humo meno ya chuma, jino kwa jino, yakapanda kutoka ndani ya mbao nzima na kujipatia nafasi yake yenyewe, wala si zaidi. Generoza alipozima na kupitisha ukucha kando ya bledi, haukupata pa kuingia. Alikata ubao mwembamba kabisa, nao ukabaki umelala juu ya meza kwa upole. Mzee Gaudiosi alikuwa amevua kofia.

Kisha Generoza alifunga kipande cha ubao wa shangazi kwenye kalibu, akaishika mashine kwa mikono yake yenye makovu, akazunguka ukingo mara moja. Kibao cha pili kilitoka. Alivibananisha viwili, akafumba macho, akapapasa kingo zake, asijue kipi ni kipi. Machozi yalimtoka na hakusema ni vumbi.

"Mpigie mama yako," alisema.

Ferdinandi alimtazama mzee kwanza.

"Posa haiongelewi na fundi," Gaudiosi alisema. "Alete watu wazima."

Generoza alikumbatia kile kibao kisicho na mwanya kwa mikono miwili. Ferdinandi alipiga simu, na mama yake akaitika.

"Mama," alisema. "Safari hii hakirudi."