Ganda la Simu ya Mzee Muhangi

Kila Jumamosi Naila alifika kibandani kabla ya shangazi yake. Alifungua kufuli, akafagia vumbi jekundu lililopenya chini ya mlango, akapangusa meza, kisha akapanga bisibisi kwa ukubwa, kuanzia ile nene kama kidole hadi ile nyembamba kama mwiba. Mwisho alifanya kazi aliyoipenda kuliko zote, yaani kuchambua waya. Waya wa kuchajia tu aliuweka kushoto. Waya unaoweza pia kupitisha mafaili kati ya simu na kompyuta aliuweka kulia.

Naila alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Shangazi yake, Nadhira, alikuwa fundi simu pale Songambele. Ufundi huo alijifunza ukubwani, jioni kwa jioni, akiwa na daftari na kamusi, baada ya kuuza vitenge mchana kutwa. Watu walimcheka mwanzoni. Sasa walimpangia foleni. Naye alikuwa amempa Naila ahadi moja: ikifika likizo ya Desemba, atakaa kwenye kiti cha pili cha fundi, na atafungua simu kwa mkono wake mwenyewe. Naila aliihesabu miezi kama mtu anayehesabu siku za Idi.

Asubuhi hiyo, kwenye saa nne, bodaboda ilisimama mbele ya kibanda. Akashuka Mzee Muhangi, mfugaji wa upande wa Bugomora, mrefu, mwembamba, na fimbo yake mkononi. Naila akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba mjukuu wangu. Alitoa leso mfukoni, akaifungua polepole, na ndani yake mlikuwa na simu. Naila aliitambua mara moja.

Mzee alieleza bila haraka. Juzi simu ilimwuliza kama anataka kuboresha programu, naye akakubali, kwa kuwa si vizuri kumkatalia anayekuuliza kwa adabu. Kabla ya kazi kwisha, chaji iliisha. Tangu hapo simu ikiwashwa inaonyesha nembo, inatetemeka, inazima, inarudia tena.

"Na leo ndiyo siku," alisema Mzee Muhangi. "Mjukuu wangu wa kwanza amezaliwa Mwanza Jumatano. Kwenye ukoo wetu mtoto hapewi jina mpaka babu amtazame usoni. Mke wangu ameumia nyonga, hasimami, na siwezi kumwacha peke yake nikasafiri. Kijana wangu atapiga leo saa kumi, kwa picha, tumwone mtoto sote wawili."

Nyumbani kwake hakukuwa na simu nyingine ya namna hiyo, na jirani pekee aliyekuwa nayo alikuwa safarini. Njia ya kurudi ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Kwa hiyo simu ilipaswa kupona kabla ya saa nane na nusu.

Nadhira aliigeuza ile simu mkononi. Alisema dawa yake ni moja, kuiflashi. Maana yake ni kuiondolea programu iliyoharibika na kuiwekea upya ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Akamwonya mzee kuwa picha zote zilizomo zitafutika.

"Ni picha za ng'ombe," alijibu mzee. "Nao nawajua kwa majina. Futa."

Sasa ilibidi kujua modeli ya simu, kwa maana kila modeli ina programu yake. Kwa kawaida namba ya modeli huwa pia ndani, chini ya betri, lakini karatasi ya humo ilikuwa imelowa mvua na kufutika. Ilibaki namba iliyochapwa kwa herufi ndogo kwenye ganda, yaani mfuniko wa nyuma wa simu. Nadhira aliisoma kwa lenzi, kisha akauliza, kwa desturi yake ya kuuliza kila kitu, kama ganda hilo ni la simu hiyo hiyo.

"La hii hii," alisema mzee. "Tangu kijana aninunulie simu sijalibadilisha."

Naila aliinama akaanza kuchambua waya ambao ulikwisha kuchambuliwa.

Miezi miwili nyuma, mzee alikuwa ameileta simu hiyo kubadilishwa tundu la chaji. Nadhira alipomaliza, alimpa Naila aipanguse tu. Naila alitaka kuona ndani. Alilibandua ganda kwa kucha, likamponyoka, likaanguka sakafuni na kupasuka vipande viwili. Shangazi alikuwa nje akizungumza na mteja. Kwenye boksi la simu mbovu Naila alikuta ganda jingine, rangi ile ile, ukubwa ule ule, likaingia na kubana kama lililozaliwa humo. Vile vipande akavizika chini ya boksi. Mzee alichukua simu yake akaenda zake, na hakuna aliyejua.

Leo namba iliyokuwa nyuma ya simu ilikuwa namba ya simu nyingine.

Nadhira alianza kupakua programu ya namba hiyo. Faili lilikuwa kubwa, na kazi hiyo ilikula zaidi ya saa nzima. Zubeiri, muuza nguo wa duka la jirani, mtu asiyeweza kuona watu wawili wamesimama asiwe wa tatu, alikuja kuchungulia.

"Fundi, hii imekwisha fariki," alisema. "Tuisomee dua, mzee akachague nyingine."

"Wewe shona vifungo vya mashati yako," alimjibu Nadhira. "Hapa bado tunapima joto."

Faili liliposhuka, likaja tatizo jingine. Nadhira aliichomeka simu kwenye kompyuta, na kompyuta ikakaa kimya kama haikuguswa. Akachomoa, akachomeka tena. Kimya. Naila alisogea, na kwa dakika moja akasahau hofu yake. Aliutazama waya. Shangazi alikuwa ameuchukua kutoka upande wa kushoto.

"Shangazi, huo ni wa kuchajia tu."

Nadhira aliutazama, akacheka, akaubadilisha. Safari hii kompyuta ililia ting. Lakini kwenye orodha ya vifaa palitokea alama ya njano, na maandishi yaliyosema kifaa hakitambuliki. Mzee aliuliza hiyo nayo ni nini.

Nadhira alimweleza kuwa kompyuta na simu ni kama watu wa lugha mbili, na kati yao lazima awepo mkalimani. Mkalimani huyo anaitwa draiva. Aliyekuwamo kwenye kompyuta aliwekwa kwa ajili ya simu ya kampuni nyingine, kwa hiyo anasikia sauti tu, haelewi neno.

"Kama Zubeiri akija kwangu," alisema mzee, "nasi tunazungumza Kinyambo."

Zubeiri mwenyewe alicheka kuliko wote.

Nadhira aliiondoa ile draiva ya zamani, akaweka inayofaa, akaizima kompyuta na kuiwasha upya. Kisha akaizima simu, akabana kitufe cha sauti, akaichomeka kwenye tundu jingine la kompyuta. Wote wanne waliinama juu ya kioo, fimbo ya mzee imelala mezani. Ting. Alama ya njano haikuonekana tena. Kwenye orodha jina la simu lilikaa safi. Zubeiri alipiga kofi, na mzee akasema, "Wanaelewana." Naila naye alicheka. Ilikuwa saa sita kasoro.

Nadhira akalifungua faili la programu. Akaweka mkono kwenye kipanya, mshale ukasimama juu ya neno la kuanza. Kisha akamgeukia Naila, maana hakuacha kufundisha hata akiwa na haraka.

"Hapa ndipo fundi anapovuta pumzi," alisema. "Programu ya modeli nyingine ikiingia humu, simu inaweza isiwake tena kabisa. Ndiyo maana nasoma namba mara mbili."

Akaisoma namba mara ya pili, kwenye ganda. Kidole chake kikaanza kushuka.

Naila alikuwa amejiambia kuwa simu zinazofanana kwa sura zinaweza kufanana na moyoni. Sasa alijua si kweli. Aliona kiti cha pili kinaondoka. Aliona pia bibi mmoja kitandani, asiyemjua, akisubiri kuona uso wa mtoto.

"Shangazi, usibonyeze," alisema. "Ganda hilo si lake."

Kidole kilisimama hewani. Naila alieleza yote, kuanzia kucha hadi boksi, akitazama miguu yake. Hakulia mpaka alipomaliza. 

"Uliogopa nini?" aliuliza Mzee Muhangi.

"Niliogopa shangazi hataniruhusu kugusa simu tena, babu. Nisamehe."

Mzee aliichukua fimbo yake mezani. Kisha akasema kuwa mtoto anayechunga, ndama akimpotea, hurudi nyumbani mara moja akasema, hata kama fimbo inamngoja, kwa sababu ndama anayetafutwa jioni huonekana, lakini anayetafutwa kesho huonekana mifupa. "Umechelewa," alisema. "Lakini jua halijazama. Leta hayo masalia tuyaone."

Naila alizamisha mikono chini ya boksi, akatoa vile vipande viwili na kuviunganisha mezani. Namba ilisomeka vizuri, na ilitofautiana na ile nyingine kwa tarakimu moja tu ya mwisho. Nadhira aliinakili, akairudia kwa sauti, kisha akasema neno moja kwa Naila: wataongea baadaye.

Kazi ya kupakua ikaanza upya, na bando la Nadhira likaisha kabla faili halijafika robo. Hapo Zubeiri, bila mzaha, aliweka simu yake mezani, akasema mtandao wake una nguvu ila unapatikana mlangoni tu, tena juu. Naila hakungoja kuambiwa. Alipanda juu ya benchi la wateja, akainyanyua ile simu hadi kwenye boriti ya mlango, akasimama hivyo. Mkono wa kulia ukichoka, anabadilisha wa kushoto. Ndani Nadhira alikuwa anasoma. Asilimia thelathini. Hamsini. Wapita njia waliuliza kama anapaka rangi. Ilipofika themanini na tisa mtandao ulisimama, na Naila akanyoosha vidole vya miguu mpaka benchi likalia. Ukarudi. Tisini na tano. Mia. Ilikuwa saa saba na nusu.

Nadhira akavuta pumzi, akabonyeza. Mstari mwekundu ulipita kwenye kioo cha kompyuta, ukafuatwa na wa njano ulioenda taratibu kama ng'ombe anayepanda mlima. Hakuna aliyethubutu kuugusa waya, wala hata meza. Mstari ulifika mwisho, na katikati ya kioo ikatokea alama ya kijani.

Simu ilipowashwa, nembo ilikuja. Ikakaa. Ikakaa tena, mpaka Zubeiri akaanza kunong'ona dua, safari hii ya kweli. Kisha kioo kikang'aa na simu ikauliza mwenyewe anataka lugha gani. Mzee Muhangi alinyoosha kidole kirefu, akachagua Kiswahili, akaketi chini kwa mara ya kwanza tangu aje.

Walimwekea akaunti yake na programu ya kupigia simu za picha, na namba za siri zikaja kwa ujumbe, zikaingia. Naila aliandika namba sahihi ya modeli kwenye karatasi, akaifunika kwa selotepu, akaibandika chini ya betri ili fundi mwingine yeyote asidanganywe na ganda. Saa nane na robo bodaboda iliondoka, mzee ameikumbatia simu kifuani kwa mikono miwili, fimbo imefungwa nyuma.

Saa kumi na moja, kabla ya magharibi, simu ya Nadhira iliita kwa picha. Kwanza ilionekana pua tu. Kisha pua ikarudi nyuma ikawa Mzee Muhangi, na pembeni yake bibi mmoja amelala kwenye mto, uso wote kicheko. Walikuwa wamemwona. Mtoto ana paji la uso la babu yake na hasira za bibi yake, alilia mwanzo hadi mwisho. Jina lake ni Tumwesigye. Bibi alitaka kumwona huyo binti aliyesimama juu ya benchi. Naila aliposogea, bibi alimtazama kwa makini, akasema, "Ahsante, waitu," yaani wa kwetu, na picha ikakatika kwa mtandao.

Nadhira aliivuta stuli, akamwambia Naila akae.

"Desemba hutakaa kwenye kiti cha fundi," alisema. "Utasubiri mpaka Juni. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu nililivunja ganda."

"Hapana. Mimi nimevunja vioo vingi nilipokuwa najifunza, na nitavunja vingine. Anayefanya kazi huvunja. Utasubiri kwa sababu ulilificha, na mimi nikaja nikafanya kazi juu ya uongo wako bila kujua. Leo ningeiua simu ya mtu kwa mkono wangu safi. Kosa likisemwa siku ile ile ni ganda tu. Likifichwa, linaota mizizi, na anayejikwaa si wewe, ni mwingine."

Naila aliitikia kwa kichwa. Macho yalimuuma, lakini kifua kilikuwa chepesi kuliko miezi yote miwili iliyopita.

"Na ulisema kabla sijabonyeza, mbele ya mwenye simu," aliendelea Nadhira. "Hilo ni gumu kuliko draiva. Ndiyo maana nimesema Juni, sikusema kamwe. Mikono ya fundi hufundishwa, mwanangu. Ulimi wa kweli lazima aje nao mwenyewe."